Mfalme wa kopa, Charlemagne, na picha ya babu ambayo hatuna

Mbukwenyi ndugu zangu.

Kwa wanaonijua mi kazi yangu ni kuchora, nina banda hapa Chang'ombe Dodoma, naandika mabango ya saluni na ya mama ntilie na vibao vya maduka, na mtu akiniletea picha ya pasipoti ya marehemu wake namchorea kubwa ya kutundika sebuleni. Sasa miezi miwili iliyopita baba mkubwa kanipigia simu kutoka Mpwapwa, anasema ukoo umekaa, tunataka picha ya babu, iwe imekamilika kabla ya Desemba maana ndo tunakutana wote. Nikamwambia sawa baba, nitumie picha yake hata kama imechakaa nitahangaika nayo. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema mwanangu, picha ndo hatuna, ndo maana tumekuita wewe.

Babu alifariki 1973 na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Alipita Kongwa kipindi kile Waingereza wanalima karanga, mradi ule wa kuanzia 1947 uliokuja kufutwa 1951, na shangazi anasema kule wazungu walikuwa wanapiga picha watu sana ila kama na yeye alipigwa basi iko kwenye kabati la mtu huko ng'ambo hatutaiona. Mi nimezaliwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Kwa hiyo nimepewa kazi ya kuchora uso ambao sijawahi kuuona, na kila mzee wa ukoo ana babu wake kichwani, baba mkubwa anataka suti na tai, baba mdogo anataka ndevu nyeupe ndefu ili aonekane mzee wa heshima, na wote wawili hawataki kabisa yale masikio, nitayasema mbele.

Basi nikawa usiku nikiunga bando natafuta, hivi wachoraji wa zamani walifanyaje wakiambiwa mchore mtu aliyekufa zamani na hana picha? Nikaangukia kwa huyu Charlemagne na mpaka leo sijatoka.

Charlemagne, kuna vitabu vya Kiswahili vinamwita Karolo Mkuu, alikuwa mfalme wa Wafranki, watu waliotawala maeneo ambayo leo ni Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, sehemu kubwa ya Ujerumani mpaka kaskazini ya Italia. Alianza ufalme 768, na siku ya Krismasi ya mwaka 800 Papa Leo III akamvika taji la ukaizari pale Roma kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, akafa mjini Aachen tarehe 28 Januari 814. Vita vyake na Wasaksoni na mambo mengine siendi huko, mi kilichonishika ni uso wake, maana huyu mtu amechorwa na kuchongwa kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili na picha karibu zote hazifanani na yeye.

Na we mwenyewe umeshamshika mkononi inawezekana. Chukua karata. Wafaransa tangu zamani wanawapa wafalme wa karata majina, wa shupaza ni David wa kwenye Biblia, wa uru ni Caesar, wa pau ni Alexander, na mfalme wa kopa ni Charles, ndo huyu huyu Charlemagne, na kwenye karata zao jina linaandikwa kabisa pembeni yake. Nilivyosoma hapo nikaenda kijiweni pale wanapocheza lasti kadi nikaomba waniazime mfalme wa kopa nikamwangalia vizuri. Karata zetu hizi ni za mtindo wa Kiingereza hazina jina, lakini angalia kitu kimoja, wafalme watatu wote wana masharubu, wa kopa peke yake hana, ana ndevu za kidevuni tu halafu juu ya mdomo peupe. Kwenye karata za zamani alikuwa nayo masharubu, na alikuwa ameshika shoka siyo upanga, ila mafundi walivyokuwa wananakili kutoka kibao cha mbao kwenda kibao kingine kizazi baada ya kizazi shoka likaliwa na masharubu yakaliwa. Shikeni hilo la masharubu tutarudi nalo.

Picha iliyo karibu naye kuliko zote ni sarafu. Mwishoni mwa maisha yake, kwenye 812 mpaka 814, zilitengenezwa sarafu za fedha zenye sura yake, ndogo, upana kama sentimita mbili na uzito haufiki gramu mbili, na zilizobaki duniani ni chache, iko Berlin na iko Paris. Mi nimeiangalia kwenye simu nikiivuta mpaka inakuwa vidoti. Kaangalia pembeni. Kichwani kavikwa shada la majani kama makaizari wa Roma, begani joho la kijeshi la Kirumi, na maneno yamemzunguka KAROLVS IMP AVG, Karolo kaizari Augusto. Shingo fupi nene, kichwa cha mviringo, na masharubu. Kidevuni hamna kitu. Yaani ni kinyume kabisa na yule wa kwenye karata, huyu ana masharubu hana ndevu, yule ana ndevu hana masharubu! Nilicheka peke yangu usiku mpaka mke wangu akaamka, lakini kilikuwa kicheko cha furaha, maana fundi aliyechonga ile sarafu alichonga kaizari akiwa bado hai, na hata kama alikuwa anaiga sarafu za Roma (na alikuwa anaiga kweli, lile shada na lile joho ni la Kirumi tupu) yale masharubu Roma hayapo. Makaizari wa Roma walinyoa au walifuga ndevu zote. Masharubu peke yake ni ya Kifranki. Kwa hiyo mi kama mchoraji nasema pale fundi alipoacha kuiga ndo pale alipomwona mtu.

Halafu kuna maneno ya Einhard. Huyu aliishi pale pale nyumbani kwa kaizari, alimjua, na baada ya Charlemagne kufa akaandika maisha yake. Anasema alikuwa mtu wa mwili mkubwa wenye nguvu, mrefu lakini siyo wa kupitiliza, urefu wake mara saba ya unyayo wake mwenyewe, juu ya kichwa mviringo, macho makubwa yenye uhai, pua imezidi kidogo, mvi nzuri, uso mchangamfu, shingo nene na fupi, tumbo limetokeza kidogo, na sauti nyembamba kuliko ulivyotegemea kwa mwili ule. Mnaona ilivyo tamu hii? Mtu akinielekeza hivi nachora. Wataalamu wa siku hizi walipima mfupa wa mguu wake ule uliohifadhiwa Aachen wakapata urefu wa kama mita 1.84, kwa hiyo kweli alikuwa mrefu, kwa watu wa zama zake alikuwa anaonekana toka mbali.

Kwenye ndevu Einhard hasemi kitu.

Ila na Einhard naye inabidi umsome ukiwa macho, maana wasomi wamegundua kwamba misemo mingi aliichota kwa Suetonius, Mrumi aliyeandika maisha ya makaizari wa kwanza miaka mia saba nyuma yake. Anachukua pua ya huyu, tumbo la yule. Mwanzo hilo lilinivunja moyo nikasema basi hata shahidi aliyeona kwa macho kachora kwa kunakili, lakini nikakaa nikafikiria kazi yangu mwenyewe. Mi pia nikichora pua naanza na pua ninayoijua mkononi, halafu naisogeza mpaka ifanane na ya mteja. Einhard alikuwa na vitabu vya Roma tu vya kumfundisha namna ya kumweleza kaizari, akachagua humo yale yanayomfaa mtu wake na mengine akayaacha. Na kuna vitu haviwezi kuwa vya kuazima, kama ile kwamba madaktari wake walimchosha wakimwambia aache nyama choma ale ya kuchemsha, akawachukia kabisa, maana alipenda ile nyama wawindaji wanayoleta ikiwa bado kwenye mshikaki. Huyo mngemkuta Msalato Jumamosi mnadani amekaa kwenye benchi.

Na hapo kwenye kula nikumbuke tembo, haihusu uso lakini siwezi kuiacha. Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad alimpelekea Charlemagne tembo anaitwa Abul-Abbas, akapitishwa Afrika Kaskazini, akavushwa bahari mpaka Italia, akapanda milima ya Alpi, akafika Aachen mwaka 802. Akaishi na wale watu wa baridi mpaka 810 akafa. Watoto wangu hiyo ndo sehemu wanayotaka niirudie kila siku.

Tuendelee. Roma pale Laterani Papa Leo III aliweka mozaiki, picha ya kupanga vipande vidogo vya rangi, kwenye ukumbi wake mkubwa, na ilikuwa kabla Charlemagne hajawa kaizari maana imemwandika mfalme tu. Mtakatifu Petro amekaa katikati, kulia kwake anampa papa kitambaa cha upapa, kushoto anampa Charlemagne bendera. Nyuma ya vichwa vya papa na mfalme kuna kibati cha mraba badala ya kile cha duara cha watakatifu, na mraba ndo alama ya mtu aliye hai wakati wa kuchorwa. Hiyo ingekuwa dhahabu kwetu wachoraji, ila ile yenyewe haipo, unayoiona pale leo ni nakala ya mwaka 1743. Halafu Louvre kule Paris kuna kisanamu cha shaba cha mtu juu ya farasi, kimo chake ni kama rula ya mtoto wa shule, kilitoka kanisa kuu la Metz, cha karne ya 9, kavaa taji, mkononi kashika tufe la dunia, ana masharubu na shingo imejaa. Wengine wanasema ni Charlemagne, wengine wanasema ni mjukuu wake Charles aliyeitwa Kipara. Mi nakipenda sana hicho kisanamu. Kamkalia farasi bila hatamu za kushikilia kwa nguvu, ametulia, kama mzee anayejua njia ya kwake.

Sasa ndevu zimetoka wapi? Zimetoka kwenye tenzi. Kwenye mwaka 1100 hivi waimbaji wa Kifaransa walikuwa na utenzi mrefu wa Roland, mpwa wa Charlemagne, aliyeuawa mlimani, na humo kaizari ana umri wa miaka mia mbili na ndevu nyeupe zinafunika kifua, anazivuta akilia. Waliokuwa wanasikiliza hawakuwahi kumwona, walikuwa mbali naye miaka karibu mia tatu, walichokuwa nacho ni sauti ya mwimbaji. Ni kama sisi na Fumo Liyongo, nani aliwahi kupima urefu wake, lakini ukisikia tenzi zake unamwona anagusa dari. Kuanzia hapo mchoraji asingeweza tena kumchora bila ndevu, watu wangesema huyu siye. Hapo ndo nikamwelewa baba mdogo wangu. Yeye babu alimwacha ana miaka minne. Babu anayemjua ni wa kwenye hadithi za jioni, na wa kwenye hadithi lazima awe na ndevu.

Mwaka 1165 kaizari Friedrich Barbarossa akataka Charlemagne awe mtakatifu, akafanyiwa hiyo sherehe na papa wa upande wa pili ambaye Roma hawakumtambua. Mifupa ikatolewa, na ikaja kuwekwa kwenye sanduku kubwa la dhahabu na fedha pale kanisa kuu la Aachen, mwaka 1215 mjukuu wake Friedrich II alishika nyundo mwenyewe akapigilia. Kwenye sanduku hilo Charlemagne amekaa kwenye kiti, papa Leo yuko pembeni yake na askofu mkuu upande wa pili, na hao wawili wamechongwa wadogo kuliko yeye. Papa mdogo kuliko kaizari! Miaka mia nne nyuma kule Laterani mambo yalikuwa tofauti, pale papa ndo alikuwa mkono wa kulia wa Petro.

Halafu kuna ile sanamu ya kichwa na kifua. Hii ndo mnaiona kila mahali, ya fedha iliyopakwa dhahabu, nywele na ndevu za mawimbi mawimbi, taji lenye vito, kifuani ndege tai wa Kijerumani na chini maua ya yungi ya Kifaransa. Ilitengenezwa kwenye 1350 hivi, zaidi ya miaka mia tano baada ya kifo chake, sura ni nzuri mno, kijana kidogo, macho yanaangalia mbali. Na ndani ya kile kichwa cha fedha kuna sehemu ya fuvu la Charlemagne mwenyewe.

Nilivyosoma hivyo niliweka simu chini. Sisi wa huku katikati hatuhitaji kuelezwa fuvu la mtawala ni kitu gani. Ukitoka Dodoma ukapita Mtera ukafika Iringa, pale Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya kioo. Mkwawa alijipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimshike, wakamkata kichwa wakakipeleka kwao, mkataba wa Versailles wa 1919 ukasema kirudishwe na hakikurudishwa, mpaka 1954 gavana Twining alipokileta. Na alikipataje? Alienda Bremen kwenye makumbusho akakuta mafuvu mengi, hakuna jina, ikabidi wapime vichwa vya ndugu zake Mkwawa walio hai halafu watafute fuvu lenye vipimo vinavyoelekeana na hao. Nilishawahi kwenda Kalenga tukiwa shule na nilisimama pale nikiangalia muda mrefu kuliko wenzangu, sikujua kwanini. Kule Aachen walikuwa na mfupa wakaufunika na sura ya dhahabu waliyoitunga. Hapa kwetu mfupa umeachwa wazi na ndugu ndo walikuwa kipimo. Mi kama mchoraji naona hii ya pili ni nzito zaidi, kumtafuta marehemu kwenye vichwa vya waliobaki.

Sasa nije kwa Dürer maana huyu ndo kanifanya niandike post yote hii.

Albrecht Dürer alikuwa mchoraji wa Nuremberg, mkono wake mimi nauogopa. Mji wake ulikuwa umekabidhiwa vitu vya ukaizari, taji, upanga, tufe la dhahabu lenye msalaba, mavazi, na kila mwaka mara moja vilikuwa vinatolewa hadharani watu wavione. Usiku wa kuamkia siku hiyo vililazwa kwenye chumba maalumu cha nyumba iliyopo sokoni, na halmashauri ya mji ikamwambia Dürer achore mbao mbili za kuweka humo, moja Charlemagne na nyingine kaizari Sigismund aliyeleta hivyo vitu Nuremberg. Akamaliza 1513. Charlemagne wake ni mkubwa, amesimama anakutazama mbele moja kwa moja, ndevu ndefu mpaka kifuani, upanga mkono mmoja, tufe mkono mwingine, taji la pande nane kichwani. Ukiliangalia lile taji unaweza kuhesabu lulu. Alienda kulichora likiwa mbele yake, na upanga hivyo hivyo, michoro yake ya mazoezi ipo.

Na kuna maandishi yanayosema kwamba hii ndo sura na mfano wa kaizari Karl, yaani Charlemagne kwa Kijerumani, ambaye taji na mavazi yake yanaonyeshwa Nuremberg kila mwaka. Watu wa mji waliamini kabisa. Kumbe lile taji lilitengenezwa nusu ya pili ya karne ya 10, Charlemagne ameshakaa kaburini zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na ule upanga na lile tufe ni vya baadaye zaidi. Hajawahi kuvigusa. Kila kitu Dürer alichokiona kwa macho kilikuwa kweli, na kila kitu hicho hakikuwa cha yule mtu, na ule uso, ambao ndo ulikuwa wa yule mtu, ndo hakuwa nao.

Rudi sasa kwa Einhard uone alivyokuwa anavaa. Shati la kitani, suruali ya kitani, juu kanzu yenye pindo la hariri, miguuni amefunga vitambaa, baridi ikija koti la ngozi ya fisi maji, na joho la bluu. Mavazi ya Wafranki. Nguo za kigeni hata ziwe nzuri vipi alizikataa, alikubali kuvaa Kirumi mara mbili tu, mara moja kwa kuombwa na papa Hadrian na mara nyingine papa Leo. Sikukuu kubwa ndo alikuwa anavaa zenye nyuzi za dhahabu na taji, siku zingine Einhard anasema ulikuwa humtofautishi sana na watu wa kawaida.

Suti ya babu. Mnaona nilikofika. Baba mkubwa anataka nimvalishe suti na tai kwa sababu picha zote nzuri za ukutani zina suti na tai, na nia yake ni njema kabisa, anataka baba yake aheshimike mbele ya wakwe na wageni, kama watu wa Nuremberg walivyotaka. Ila babu alivaa mgolole. Shangazi anasema mgolole wa rangi ya udongo umefungwa begani kulia, fimbo, na viatu vya matairi. Na masikio, ndo haya sasa, babu alikuwa Mgogo wa zamani, ndewe zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinaning'inia. Baba mkubwa anaona aibu, anasema watoto watacheka. Nimemwambia kwa heshima zote, baba, nikiziba yale masikio nitakuwa nimechora mtu mwingine nikaandika jina la babu chini yake.

Wengine niwapitishe haraka. Vatikani, wanafunzi wa Raphael kwenye 1516 na 1517 wamechora ukutani Charlemagne akivikwa taji, na sura ya Charlemagne ni ya Francis I mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, na sura ya papa Leo III ni ya Leo X aliyekuwa analipia kazi, kwa sababu wawili hao ndo kwanza walikuwa wamepatana. Mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David alipomchora Napoleon anavuka Alpi juu ya farasi aliyenyanyuka, kwenye mawe chini kaandika Bonaparte, Hannibal, na KAROLVS MAGNVS, hapo Charlemagne amebaki jina tu kwenye jiwe anakanyagwa na kwato, na ile picha inanikera mpaka leo. Pale mbele ya kanisa la Notre-Dame Paris kuna sanamu kubwa ya shaba ya ndugu wawili wa familia ya Rochet, karne ya 19, juu ya farasi, Roland na Olivier wanatembea pembeni, ndevu kama kawaida.

Na msidhani haya ni ya wazungu wa zamani. Februari 2024 ilipozinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere pale Addis Ababa kwenye makao ya Umoja wa Afrika mnakumbuka mtandaoni palivyowaka, huyu siye Mwalimu, pua siyo, mdomo siyo. Mi sikushiriki yale maneno maana najua ugumu wa kazi. Ila nilifurahi kwa kitu kimoja, kwamba wapo watu bado wanaweza kusema siyo. Mwalimu ana picha maelfu na wazee waliomwona kwa macho wako hai. Charlemagne ilifika siku wa mwisho kumwona akafa, na kuanzia siku hiyo mchoraji yeyote angeweza kuweka chochote na hakuna wa kumwambia siyo.

Babu yangu amebakiza mtu mmoja wa kusema siyo. Shangazi. Alikuwa msichana mkubwa babu anafariki, sasa hivi amevuka miaka sabini na tano na macho yameanza kusumbua.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nikapanda basi la Mpwapwa na karatasi zangu na penseli. Nilikuwa nimeshachora babu watatu hapa bandani kwa kubahatisha, nikamwekea mezani. Akaziangalia kwa kuziweka karibu na pua, akasema hawa ni wazee wazuri lakini siwajui. Basi nikaziweka pembeni, nikamwambia shangazi, niambie nani kachukua nini. Akaita watu. Baba mdogo akakalishwa kwenye kigoda, pua ni yake, ila ya marehemu ilikuwa pana kidogo hapa chini. Binti yake shangazi, macho, akicheka tu, asipocheka siyo. Mtoto wa jirani akapita akasema hata huyu, halafu akakataa, hapana huyu siye. Nilikuwa nachora huku mkono unatetemeka. Mwishoni akanishika mimi mwenyewe usoni kwa viganja viwili, vidole vikapita kwenye paji la uso mpaka kwenye nyusi, akasema hapa, kuanzia hapa mpaka hapa ni baba, nilikuwa sijakuangalia vizuri.

Ndevu akasema hakuwa nazo. Alikuwa ananyoa na kisu.

Masikio ndo yamebaki maana kwenye ukoo hamna tena mwenye masikio yale, sote tumezaliwa wakati wa shule na kanisa. Shangazi anakumbuka upande wa kulia ndewe ilikuwa ndefu kuliko kushoto, na kulikuwa na kipande cha mti amekichomeka ambacho alikuwa anakitoa akienda kuoga. Amesema yuko mzee mmoja upande wa Kibakwe bado anayo vile vile, atamtumia salamu. Alhamisi naenda.